Ng'ombe Akikojoa Damu Unakimbia: Je, Wewe Mwenyewe?

Ndugu mkulima, tuanze na jambo unalolijua vizuri. Asubuhi moja waingia bomani kukamua, nawe waona ng'ombe wako wa gredi amejitenga na wenzake, hataki kula, na mkojo wake ni mwekundu. Je, utangoja wiki mbili uone kama utajisafisha wenyewe? Hasha! Waujua ule ugonjwa wa mkojo mwekundu uletwao na kupe, na wajua kwamba kungoja kwaweza kukupotezea mnyama mzima. Utamwita daktari wa mifugo kabla chai haijachemka.

Sasa tukuulize swali la pili. Ikiwa mkojo wako wewe mwenyewe umekuwa mwekundu, utafanya nini? Wengi wetu, tukisema kweli, hunyamaza. Mmoja asema ni joto la jua. Mwingine aona haya, maana ugonjwa uko mahali pasipotajwa mbele za watu. Wa tatu aogopa kwamba jirani watasema ana kisonono. Basi hunywa mizizi, hungoja, na damu ikikatika siku mbili tatu husema, "Nimepona." Hivyo ng'ombe hutunzwa kuliko mwenye ng'ombe.

Somo letu la mwezi huu ni juu ya magonjwa ya njia ya mkojo. Twataka ujue mambo mawili: magonjwa hayo ni yapi, na ni wakati gani usingoje hata siku moja. Soma polepole, na ikiwa nyumbani kuna mzee asiyeona herufi vizuri, msomee.

MFEREJI WA MWILI

Mtu aliyewahi kuchimba mfereji wa kunyunyizia mboga hatapata taabu kuelewa habari hii. Mwilini mna figo mbili, moja kila upande wa uti wa mgongo, chini ya mbavu, na kila moja ni kubwa kama ngumi ya mwenyewe. Kazi yake ni kuchuja damu. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja maji yapatayo lita 180, yaani mitungi 9 ya lita 20. Karibu yote hurudishwa katika damu, na lita moja hadi mbili tu hutoka nje pamoja na takataka za mwili. Huo ndio mkojo.

Kutoka figo mkojo hushuka kwa mirija miwili myembamba mpaka kwenye kibofu. Kibofu ni kama tangi: hupokea kidogo kidogo, na kikikaribia nusu lita mtu husikia haja. Kutoka hapo kuna njia moja ya kutokea nje. Kwa mwanamke njia hiyo ni fupi sana. Kwa mwanamume ni ndefu, na inapotoka tu kwenye kibofu hupita katikati ya tezi ndogo iitwayo tezi dume, nayo kwa kijana ni kubwa kama ndimu changa.

Sasa fikiri kama mkulima. Mfereji huharibika kwa njia gani? Waweza kuingiwa na uchafu. Waweza kuzibwa na jiwe. Waweza kubanwa na mzizi wa mti ulioota kando yake. Waweza kutoboka ukavuja. Au kingo zake huliwa na wadudu. Mfereji wa mkojo ni vivyo hivyo. Na ukizibwa chini, maji hurudi juu. Ndiyo sababu taabu ya kibofu ikiachwa miaka mingi huishia kuziharibu figo, na figo iliyokwisha kufa haifufuki.

DAMU KATIKA MKOJO

Tuanze na dalili kubwa kuliko zote. Kumbuka kwanza kwamba si kila mkojo mwekundu una damu. Mtu aliyekula bitiruti aweza kuona mkojo wa rangi nyekundu kesho yake. Anayetumia dawa za kifua kikuu naye hukojoa mkojo wa rangi ya machungwa, na hilo halina madhara wala asiache dawa kwa sababu hiyo. Lakini ikiwa hukula wala kumeza kitu cha namna hiyo, amini kwamba ni damu mpaka upimaji uonyeshe vingine.

Kwa ndugu zetu wa Pwani, hasa Kwale, Kilifi na kandokando ya Mto Tana, sababu iliyo ya kawaida ni kichocho cha mkojo. (Mwea na kandokando ya Ziwa Victoria hujulikana zaidi kwa kichocho cha matumbo, ambacho mayai yake hutoka kwa choo kikubwa.) Kichocho ni ugonjwa wa wakulima tangu zamani. Mdudu wake aligunduliwa mwaka 1851 mjini Kairo na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz. Lakini namna anavyomwingia mtu haikujulikana sawasawa mpaka mwaka 1915, Robert Leiper alipoonyesha, huko huko Misri, kwamba mdudu huyo hukua kwanza ndani ya konokono wa maji matamu.

Safari yake ni hii. Mtu mgonjwa akojoa mtoni, bwawani au katika mfereji. Mayai yaliyomo katika mkojo huanguliwa majini, na vijidudu vyake humtafuta konokono na kuingia mwilini mwake. Baada ya wiki kadhaa konokono hutoa vijidudu vipya vingi mno, visivyoonekana kwa macho. Hivi huogelea, na vikikuta mguu wa mtu anayepanda mpunga, au mkono wa mama anayefua, au mwili wa mtoto anayeoga, hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Hapana haja ya kidonda wala ya kunywa maji hayo. Ndani ya mwili hukua kuwa minyoo, hukaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu, na hutaga mayai miaka mingi. Mayai hayo ndiyo yanayokwaruza ukuta wa kibofu na kuutoa damu.

Wako wazee waliozoea kusema kwamba mvulana akikojoa damu ni dalili ya kubaleghe. Hilo si kweli, na limewaponza watoto wengi. Kichocho humfanya mtoto apungukiwe na damu na achoke darasani. Kikiachwa hukaza kibofu, huziba mirija, huharibu figo, na baada ya miaka mingi chaweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wanawake mayai huweza kukaa katika sehemu za uzazi, yakaleta vidonda, maumivu na damu. Mama kama huyo huweza kudhaniwa ana ugonjwa wa zinaa, akapewa dawa isiyomfaa na jina baya asilostahili. Basi mama, ukienda hospitali, mwambie daktari kwamba ulikua au unaishi karibu na maji yenye kichocho. Neno hilo moja laweza kukuokoa.

Kukipima ni rahisi: mkojo hutazamwa kwa hadubini. Wakati ulio bora wa kutoa mkojo huo ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa maana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Dawa yake huitwa prazikwanteli, nayo hutolewa kwa kadiri ya uzito au urefu wa mgonjwa. Lakini dawa huua minyoo iliyomo mwilini tu. Haizuii mingine kuingia kesho ukirudi katika maji yale yale. Ni kama kumwosha ng'ombe katika josho mara moja, kisha kumrudisha katika malisho yaliyojaa kupe.

Sasa sikiliza vizuri wewe uliyepita miaka 40, hasa ukiwa mvutaji wa sigara. Damu itokayo katika mkojo bila maumivu yoyote, hata kama imeonekana mara moja tu ikakatika, yaweza kuwa mwanzo wa saratani ya kibofu au ya figo. Watu hudhani kwamba kisichouma si kibaya. Hapa ni kinyume. Saratani ya kibofu hutoa damu leo, hunyamaza mwezi mzima, kisha hurudi. Katika kunyamaza kwake ndipo inapokua. Ikikamatwa mapema wengi hutibiwa wakapona. Kwa hiyo usipimwe na kukatika kwa damu. Upimwe na daktari.

MKOJO UNAOCHOMA

Huu ndio ugonjwa unaowapata wanawake wengi. Mtu hukojoa mara kwa mara, kila mara kidogo, na mkojo humchoma kama pilipili. Pengine hunuka vibaya, au huwa na ukungu, na chini ya kitovu pana maumivu. Sababu yake ni vijidudu, ambavyo kwa kawaida vyatoka katika choo kikubwa cha mtu mwenyewe na kupanda kwa njia ya mkojo. Kwa kuwa njia ya mwanamke ni fupi, vijidudu havina safari ndefu. Si dalili ya uzinzi wala si aibu, na mume mwenye akili hamshuku mkewe kwa ajili yake. Lakini magonjwa ya zinaa nayo huchoma na pengine hutoa usaha. Basi ni upimaji utakaosema kweli, wala si ubishi wa nyumbani.

Dawa zake zipo na huponya kwa siku chache. Mambo matatu tu twayakataza. La kwanza, usinunue vidonge viwili vitatu dukani ukameza mpaka maumivu yapungue, kisha ukaacha. Vijidudu vilivyobaki huizoea dawa, na siku nyingine haitavishinda. La pili, usitumie dawa ya sindano iliyobaki baada ya kutibu ng'ombe. Twajua kwamba wako wafanyao hivyo. Dawa ya mnyama ilipimwa kwa mnyama. La tatu, mama mjamzito asingoje kamwe, kwa maana ugonjwa huu waweza kupanda mpaka figo na kumfanya azae kabla ya wakati. Ndiyo sababu mkojo wa mjamzito hupimwa kliniki hata kama hasikii neno.

Ukiona homa, kutetemeka kwa baridi, kutapika, na maumivu ya ubavuni chini ya mbavu, jua kwamba vijidudu vimekwisha kufika katika figo. Hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo. Kadhalika mtoto mdogo mwenye homa isiyo na sababu inayoonekana apimwe mkojo, kwa kuwa yeye hawezi kusema wapi pamuuma. Na mwanamume apatwaye na ugonjwa huu achunguzwe zaidi, maana kwa mwanamume mara nyingi kuna kitu nyuma yake, kama jiwe au tezi iliyokua.

JIWE KATIKA MFEREJI

Mtu afanyaye kazi juani kutwa nzima bila kunywa maji, mkojo wake huwa mzito na wa rangi ya chai kavu. Chumvi zilizomo huweza kugandamana figoni zikawa jiwe, kama vile sufuria ya maji ya kisima inavyoshika ukoko mweupe. Jiwe likiwa limetulia huenda lisikie mtu neno. Likianza kushuka katika mrija, maumivu yake hayasahauliki: hushika ubavu ghafula, huteremka mpaka kinena, huja kwa mawimbi, na mgonjwa hugaagaa, hatapata namna ya kulala. Pengine hutapika na hukojoa damu.

Mawe madogo mengi hutoka yenyewe kwa msaada wa dawa ya maumivu. Makubwa hutolewa na daktari. Lakini jiwe pamoja na homa ni hatari kubwa, kwa kuwa usaha umezibwa ndani. Mgonjwa huyo asilale nyumbani. Kinga yake ni maji: kunywa ya kutosha hata mkojo uwe wa rangi nyepesi, na upunguze chumvi katika chakula. Mtungi wa maji ya kunywa uende shambani pamoja na jembe. Ila mtu aliyeambiwa na daktari apunguze maji kwa ajili ya moyo au figo, na afuate neno la daktari wake.

TEZI INAYOBANA

Tuchukue mfano ambao wapatikana katika karibu kila kijiji. Yuko mzee wa miaka 60 na zaidi. Usiku huamka mara tano. Asimamapo kukojoa hungoja sana, kisha mkojo hutoka mwembamba, hukatika, huanza tena, na mwisho hudondoka. Amekwisha kuacha kwenda arusi na matanga ya mbali, kwa kuogopa kumsimamisha dereva wa matatu kila mara. Hamwambii mtu. Siku moja msichana mhudumu wa afya wa kijiji apita kuwatembelea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu kiti."

"Babu, nasikia usiku hulali."

"Bibi yako ana maneno mengi. Huu ni uzee tu, mwanangu. Uzee hauna dawa."

"Uzee hauna dawa, babu, lakini tezi ina dawa. Kituoni yupo daktari mwanamume, kama waona taabu kusema nami."

Mzee anyamaza kidogo. Kisha auliza lile swali ambalo wazee wote hutaka kuliuliza: "Hawatanikata?"

"Wengi hupewa vidonge, babu. Akatwaye ni yule ambaye vidonge vimemshinda, na wengi wao hupona wakalala usiku kucha."

Msichana huyo amesema kweli. Kwa wanaume wengi waliopita miaka 50, tezi dume huanza kukua, nayo huibana njia ya mkojo kama mzizi wa mti ubanavyo bomba. Kukua huko si saratani wala hakugeuki kuwa saratani. Lakini saratani ya tezi dume nayo ipo, nayo ni miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume wa Kenya kwa wingi, na mwanzoni huenda isionyeshe dalili yoyote. Dalili za hizi mbili zaweza kufanana. Ni daktari tu awezaye kuzipambanua, kwa kuigusa tezi kwa kidole kilichovikwa glavu, jambo la dakika moja, na kwa kupima damu. Mtu aliyepita miaka 50, au mapema zaidi ikiwa baba au ndugu yake aliwahi kuwa na saratani hiyo, amwulize daktari juu ya upimaji huo.

Mzee asipokwenda, yaweza kuja siku mlango wa mkojo ukafungwa kabisa. Pengine ni baada ya pombe nyingi, au baada ya vidonge vya mafua vilivyonunuliwa dukani, kwa maana baadhi ya dawa hizo huikaza njia. Tumbo chini ya kitovu huvimba kama ngoma, na maumivu hayavumiliki. Watu wa nyumbani, kwa huruma, humpa maji anywe ili asukume. Msifanye hivyo! Tangi limejaa na mlango umefungwa. Kuongeza maji ni kuongeza mateso. Mpelekeni hospitali usiku huo huo. Hapo atatiwa mpira wa mkojo, naye atapata nafuu kwa dakika chache. Mpira huo si mwisho wa maisha. Ni wa kumvusha tu mpaka atibiwe tezi yenyewe.

MFEREJI UNAOVUJA

Kuna ugonjwa mmoja ambao wenye kuupata hujificha kuliko wote. Mama alishikwa na uchungu wa kuzaa siku mbili au zaidi bila msaada, kichwa cha mtoto kikambana, na baadaye mkojo ukaanza kumvuja mchana na usiku bila yeye kuuzuia. Ugonjwa huu huitwa nasuri, na wengi huujua kwa jina la fistula. Si laana wala si uchafu wa mwenyewe. Ni tundu, na tundu huzibwa kwa upasuaji. Madaktari wenye ujuzi huo wako nchini Kenya, na mara kwa mara hufanya kambi za kuwatibu akina mama hawa. Ikiwa yuko mama kijijini kwako aliyeacha kwenda kanisani, msikitini au sokoni kwa sababu hii, usimcheke. Mwambie kwamba dawa ipo, hata kama amevuja miaka 20.

Lakini si kila kuvuja ni nasuri. Akina mama wengi waliozaa mara kadhaa huvuja kidogo wakikohoa au wakiinua mzigo. Hilo nalo lina mazoezi yake na matibabu yake, uliza kliniki. Na mtu akojoaye sana mchana na usiku, huku ana kiu isiyokwisha na anakonda, apimwe kisukari.

MAMBO YASIYONGOJA

Kata orodha hii, uibandike ukutani. Ukiona moja katika haya, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni siku ya kuvuna:

1. Mkojo umezibika kabisa na tumbo chini ya kitovu limevimba.

2. Homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavuni.

3. Maumivu makali ya ghafula ya korodani kwa mvulana au kijana. Huenda imejisokota na kujinyima damu. Ikipita saa sita hivi yaweza kufa. Usingoje kupambazuke, wala mvulana asione haya kumwambia mama ikiwa baba hayupo.

4. Damu nyingi, au mabonge ya damu katika mkojo.

5. Mjamzito mwenye mkojo unaochoma au mwenye homa.

6. Mtu aliyepita saa 12 bila mkojo wowote, hasa baada ya kuhara na kutapika sana.

7. Mtu mwenye maumivu ya mgongo ambaye miguu imelegea na mkojo hautoki, au hutoka pasipo yeye kujua.

Na ukiona damu kidogo tu, au taabu ya kukojoa ya muda mrefu, usikimbie usiku. Lakini juma hilo lisiishe hujafika kituoni.

UKIFIKA KITUONI

Wengi hufika, kisha mbele ya daktari husema, "Naumwa na mgongo," kwa sababu ya haya. Daktari hutibu mgongo. Basi jiandae kabla ya kutoka nyumbani. Hesabu mara unazoamka usiku. Kumbuka siku damu ilipoonekana, na kama ilikuja mwanzo wa mkojo, mwisho, au wote. Chukua dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba, uzionyeshe. Hutakemewa kwa kuzitaja. Zaidi ya hayo, baadhi ya mizizi huumiza figo, na daktari hawezi kujua usipomwambia. Ukitaka kutibiwa na mwanamume mwenzako au mwanamke mwenzako, omba kwa adabu. Ukiambiwa utoe mkojo, toa ule wa katikati: uache wa kwanza uende, kinga wa pili katika kichupa safi.

KAZI YA SHAMBANI NA YA KIJIJINI

Dawa peke yake haitoshi ikiwa maji yetu ni machafu. Kila boma liwe na choo, na choo kiwe karibu na shamba pia, ili mfanya kazi asikojoe katika mfereji. Mtu mmoja akojoaye mfereji wa juu huwapa ugonjwa watu wote wa mashamba ya chini. Ondoeni magugu katika mifereji ili maji yaende kwa kasi, maana konokono hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Anayeingia majini avae mabuti ya mpira yasiyovuja. Maji ya kuoga yaliyotekwa bwawani yakiwekwa katika chombo kisicho na konokono kwa siku mbili kamili, vijidudu vya kichocho hufa. Ya kunywa yachemshwe. Watoto waonyeshwe mahali pengine pa kuogelea, wala si kukatazwa tu bila kupewa pengine. Na dawa ya kichocho ikiletwa shuleni, kila mtoto na aimeze, hata yule anayeonekana mzima.

Nyumbani mama awafundishe binti zake kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma, wala si kinyume. Kila mtu anywe maji, wala asiubane mkojo kutwa nzima kwa sababu kazi ni nyingi.

MASWALI YA KUJIPIMA

Ikiwa mwasoma somo hili katika kikundi, jibuni haya pamoja:

1. Kwa nini dawa ya kichocho haiwezi kumaliza ugonjwa kijijini ikiwa watu waendelea kukojoa mtoni?

2. Jirani yako wa miaka 55 alikojoa damu mara moja bila maumivu, ikakatika. Utamwambia nini?

3. Kwa nini si vema kumpa maji mengi mtu ambaye mkojo wake umezibika?

4. Ni katika kijiji chenu wapi watu hukanyaga maji yenye konokono kila siku? Mwaweza kufanya nini kabla ya mvua zijazo?

Ndugu mkulima, hukuona haya kumwita daktari wa mifugo, wala hukujali jirani watasema nini juu ya ng'ombe wako. Ulitazama mkojo wake ukajua kwamba mali yako imo hatarini. Nawe ndiwe mwenye kulima, kupalilia, kukamua na kusomesha. Kesho asubuhi, uingiapo chooni, tazama. Ukiona yasiyo ya kawaida, sema.